Vitabu vya marais vinagongana: nimwamini nani?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhasibu hapa Mwanza. Historia niliiacha kidato cha nne lakini yenyewe haikuniacha. Miaka ya karibuni nimekuwa nikinunua vitabu vya maisha ya marais wetu. Nimemaliza cha Mzee Mwinyi, nimemaliza cha Mzee Mkapa, na sasa nimeanza zile juzuu tatu za Mwalimu Nyerere. Kilichonikwamisha ni Mzee Jumbe. Nilitaka tu kuelewa kwa nini alijiuzulu mwaka 1984, nikaazima kitabu chake, kisha mtu akanipa kile chenye kumbukumbu za Maalim Seif. Sasa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza. Kila mmoja ana simulizi yake, na kila mmoja anaonekana mkweli. Shemeji yangu ana shahada ya historia. Anasema hivi ni vitabu vya wazee kujisafisha, niachane navyo nisome historia yenyewe. Je, napoteza muda na hela? Nimwamini nani? Nianze na kipi, nifuatishe kipi? Na Kiingereza changu, Mwalimu, ni cha kuungaunga."

Marahaba, na pole kwa kuchanganyikiwa, ingawa kusema kweli sikuonei huruma sana. Mtu aliyesoma vitabu kadhaa kuhusu tukio moja akamaliza bila shaka hata moja, huyo ndiye angenitia wasiwasi. Kama nimekuelewa, yanakusumbua mambo mawili. La kwanza, unadhani katika wazee hawa yupo mmoja msema kweli na waliobaki wanadanganya, na wewe huna kipimo cha kumjua. La pili, shemeji amekutia hofu kwamba historia yenyewe iko mahali pengine na wewe unahangaika na maganda. Nianze na shemeji, maana ana hoja.

Ni kweli wanajisafisha. Hakuna rais mstaafu anayekaa chini kuandika kitabu ili ajiharibie jina. Lakini mtu hajisafishi mahali pasipo na doa. Ukiona mzee amepita miaka mitano ya uongozi wake kwa kurasa tatu, kisha akasimama kurasa ishirini akieleza uamuzi mmoja, jua hapo ndipo panapomkera, au ndipo watu walipomsema sana. Huko kujitetea ni ushahidi tosha. Unakuonyesha lawama zipi zilimfikia na zipi hazikumgusa.

Halafu kuna mambo ambayo huyapati popote isipokuwa kwenye vitabu vya aina hii. Chukua kitabu cha Mzee Mkapa, My Life, My Purpose, kilichozinduliwa Dar es Salaam tarehe 12 Novemba 2019, siku aliyotimiza miaka 81. Umekisoma, kwa hiyo unakumbuka anavyozungumzia Januari 2001, pale askari walipowafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF Zanzibar, Pemba ikiumia zaidi. Shirika la Human Rights Watch liliripoti waliouawa wasiopungua 35, na watu wapatao elfu mbili walivuka bahari mpaka Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Kwa nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa wenzake, hilo lilikuwa pigo la heshima. Mkapa anakiri kulijutia tukio lile. Unaweza kusema majuto yamechelewa, unaweza kusema hayatoshi, na wapo wanaosema hivyo. Lakini hakuna faili la serikali litakaloandika kwamba amiri jeshi mkuu alijuta. Aliandika mwenyewe, akaweka jina lake juu ya jalada, na miezi minane baadaye akafariki.

Sasa turudi kwenye hiyo "historia yenyewe" anayoisema shemeji. Nadhani anamaanisha nyaraka: mafaili, mihtasari ya vikao, kumbukumbu za mahakama. Nyaraka ni muhimu, mimi mwenyewe nimekula chumvi nikizifundisha, lakini nazo si malaika. Angalia kesi ya Kapenguria. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa Oktoba 1952, na Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker akawatia hatiani kwa kuongoza Mau Mau: miaka saba na kazi ngumu. Shahidi mzito dhidi ya Kenyatta alikuwa Rawson Macharia, aliyedai kumwona akilisha watu kiapo. Mwaka 1958 Macharia huyo huyo akaapa mbele ya wakili kwamba alisema uongo, na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza kwa kazi ile. Serikali ya kikoloni ikamshitaki na kumfunga, kwa sababu ya kiapo cha pili na si cha kwanza! Mtu akisoma leo mwenendo wa kesi ile bila kujua yaliyofuata, atakuta karatasi safi, zimepigwa mhuri, ushahidi umepangwa vizuri, na uongo umo mle mle ndani. Tena kuna mafaili ya kikoloni kuhusu Kenya ambayo Waingereza waliondoka nayo wakayaficha Hanslope Park, kituo cha serikali yao huko Uingereza, yakaja kujulikana mwaka 2011 tu, pale wazee wa Mau Mau walipofungua kesi London. Kwa hiyo anayetegemea nyaraka peke yake, kwa karibu miaka hamsini alikuwa anasoma masalia aliyoachiwa.

Mwambie shemeji hivyo, kwa heshima.

Tuje kwenye hofu yako ya kwanza, ya msema kweli mmoja. Ili ikutoke, lazima ujue kitabu cha rais kinavyozaliwa. Wengi wao hawakai peke yao na kalamu. Mara nyingi mzee anakaa na mwandishi au mtafiti mwenye kinasa sauti, vikao vingi, anasimulia. Mwandishi anaandika, anapanga sura, anahakiki tarehe, anamrudishia. Mzee anasoma, anakata hapa, anaongeza pale. Kisha wanasoma wasaidizi wa zamani, familia, pengine mwanasheria. Kila mkono unaopita unaondoa kitu: huyu anasema mjane wa fulani bado yu hai, yule anasema jambo hilo litachafua chama, mwingine anakumbusha kile kiapo cha kutunza siri za Baraza la Mawaziri. Ndiyo maana katika vitabu vingi vya viongozi wetu maamuzi mazito hayana mwenyewe. Vikao viliamua. Chama kiliona. Wewe msomaji kazi yako ni kuuliza: nani aliitisha hicho kikao, na nani alikuja na karatasi mkononi?

Juu ya hayo kuna kumbukumbu ya binadamu. Mzee Mwinyi alizaliwa tarehe 8 Mei 1925, na kitabu chake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kilizinduliwa siku kama hiyo mwaka 2021, akitimiza miaka 96. Hakuna ubongo unaohifadhi mambo ya miaka arobaini kama yalivyokuwa. Kila tunaposimulia jambo tunalijenga upya. Lililosimuliwa mara nyingi linalainika, kona zake zinapotea, mpangilio wa siku unabadilika, na mambo tuliyoyajua baadaye yanajipenyeza kwenye siku ambazo hatukuwa tunayajua. Aliyeujua mwisho wa hadithi hawezi tena kukumbuka sawasawa ilivyokuwa kutoujua. Hapo hakuna aliyedanganya. Wazee wawili wanaweza kuapa kwa Mungu mmoja, wote kwa moyo safi, na simulizi zao zisikutane.

Basi tulichukue hilo lililokukwamisha. Januari 1984 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Dodoma. Kabla kikao hakijaisha, Aboud Jumbe alikuwa ameachia vyeo vyake vyote: Urais wa Zanzibar, Umakamu wa Rais wa Muungano, na Umakamu Mwenyekiti wa chama. Wananchi wakaambiwa "hali ya hewa ya kisiasa" imechafuka Zanzibar. Maneno haya watu wa rika langu wanayajua mpaka leo, na wengine wakiyasema wanacheka kidogo. Chini yake kulikuwa na jambo zito. Mwaka 1983 chama kilikuwa kimefungua mjadala wa kubadilisha katiba, na Wazanzibari wakautumia kuhoji muundo wa Muungano. Jumbe akawa anaandaa kulipeleka suala hilo kwenye Mahakama Maalum ya Katiba, akisaidiwa na Mwanasheria Mkuu wake, Bashir Swanzy, aliyetoka Ghana. Rasimu ya hati hiyo ikafika mikononi mwa Nyerere kabla haijapelekwa popote.

Mpaka hapo utaona wote wanakwenda pamoja: kikao, mwezi, mji, vyeo, suala lenyewe. Hayo yaandike kwa wino. Yanayobishaniwa ni mengine. Ile rasimu ilitokaje ofisini? Jumbe alijiuzulu au alisukumwa? Zanzibar iliangushwa na Bara, au Wazanzibari waliangushana wenyewe kwa wenyewe? Hayo yaandike kwa penseli, kisha mbele ya kila jibu weka jina la anayelitoa na mahali alipokuwa amesimama.

Maana kila mmoja alikuwa mahali pake. Jumbe ndiye aliyepoteza. Alihamia Mjimwema, Kigamboni, akaishi maisha ya ibada, na kitabu chake, The Partner-ship, alikitoa mwaka 1994, miaka kumi baadaye. Mwaka huo haukuja kwa bahati. Mwaka mmoja nyuma wabunge waliojulikana kama G55 walikuwa wametaka Serikali ya Tanganyika, na nchi nzima ilikuwa inabishana juu ya Muungano. Kwa hiyo anayesimulia 1984 anajibu pia hoja za 1994, na ukimsoma bila kukumbuka hilo utashangaa kwa nini anakomaa na vifungu vya Mapatano ya Muungano badala ya kukueleza alijisikiaje siku ile. Mimi ningependa kujua alijisikiaje. Hakutuachia mengi ya namna hiyo.

Maalim Seif Sharif Hamad ndiye aliyepanda mara baada ya kishindo: Waziri Kiongozi kuanzia Februari 1984 mpaka 1988. Kisha naye akafukuzwa chama, akawekwa ndani, akatoka, akawa miongoni mwa waanzilishi wa CUF. Kumbukumbu zake alizisimulia kwa mwanahistoria wa Kimarekani, Thomas Burgess, zikachapishwa 2009. Wakati huo alikuwa kiongozi wa upinzani aliyekwisha kugombea urais wa Zanzibar mara tatu na kutangazwa ameshindwa mara zote. Mtu wa namna hiyo anakumbuka 1984 akiwa na kazi ngumu: kueleza kwa nini aliyekuja kuwa mtetezi mkubwa wa mamlaka ya Zanzibar alinufaika na anguko la rais aliyetaka mamlaka hayo hayo. Msome akieleza. Huhitaji kumhukumu. Angalia tu anatumia maneno mangapi na anawataja akina nani.

Mzee Mwinyi ndiye aliyekabidhiwa kiti. Yeye anaandika wa mwisho, Jumbe akiwa amefariki 2016 na Maalim Seif Februari 2021, miezi michache tu kabla ya uzinduzi. Kuandika wa mwisho kuna faida yake: hakuna tena wa kukujibu. Kuna na mzigo wake: hakuna wa kukukumbusha uliposahau. Na usisahau kilichofuata. Aprili ile ile ya 1984 Edward Sokoine akafariki kwa ajali ya gari, na mwaka uliofuata Mwinyi akawa Rais wa Muungano. Bila kile kikao cha Dodoma, sidhani kama njia ya 1985 ingepita kwake. Anayekisimulia anajua kwamba maisha yake yalipinda pale.

Na Nyerere, mwenye kikao, hakuandika kitabu cha maisha yake mwenyewe. Sauti yake juu ya mambo haya unaipata kwenye hotuba, na kwenye kijitabu chake kikali cha miaka ya tisini, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, ambacho kilichapwa Harare. Zile juzuu tatu ulizoanza, Development as Rebellion, ziliandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, zikatoka 2020. Ni kazi ya wasomi waliokaa miaka na karatasi na watu, na ndani yake wanamheshimu Mwalimu bila kumwogopa. Hata hivyo nao ni watu wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenye misimamo inayojulikana kuhusu ujamaa, na jina walilokipa kitabu linakuambia hivyo kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Wewe kazi yako ni kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Hazilingani siku zote, na hukimbilii kusema keshia ni mwizi. Unatafuta hundi gani haijapita na nani alichelewa kuingiza. Zile tofauti ndizo zinazokuonyesha pa kuchimba. Fanya hivyo hivyo hapa. Chukua daftari, kila tukio lipe kurasa zake. Andika nani anasimulia, alikuwa wapi siku hiyo, anasema aliona au aliambiwa, na alikuwa nani mwaka aliochapisha. Hili la "aliona au aliambiwa" ndilo linalosahaulika zaidi. Utashangaa sura nzima ya rais kuhusu jambo zito ikageuka kuwa mambo aliyoletewa na msaidizi asubuhi yake.

Nikuombe pia uwe na jicho la kuona yasiyoandikwa. Ulysses Grant alikuwa Rais wa Marekani kwa mihula miwili, 1869 mpaka 1877. Mwaka 1885, akiwa anakufa kwa saratani ya koo, aliandika kumbukumbu zake kwa haraka na akafariki siku chache baada ya kumaliza. Vita alivyopigana amevieleza kwa mamia ya kurasa. Miaka minane ya Ikulu, yenye kashfa za wasaidizi wake, karibu hakuna. Kitabu kile kinasifiwa mpaka leo kwa uandishi wake, na kwa haki, lakini ukitaka kujua urais wa Grant huko siko.

Kwetu kuna mfano wa upande mwingine, wa ukurasa unaong'aa mpaka unaficha. Mwaka 1977 Mzee Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, katika operesheni dhidi ya mauaji ya vikongwe na washukiwa wa uchawi. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Aliwajibika kwa yaliyofanywa na walio chini yake, na kila waziri wetu anapovurunda watu humkumbuka Mwinyi. Ni heshima anayostahili. Lakini kwa vile kisa hiki kinasimuliwa siku zote kama kisa cha uwajibikaji, wangapi wetu tumewahi kuuliza kuhusu waliokufa? Walikuwa nani, familia zao ziliambiwa nini, askari waliohusika walifanywa nini mahakamani? Wewe uko Kanda ya Ziwa. Hilo ni swali la kwenu.

Kuna dhana moja zaidi niiondoe, maana naisikia sana: kwamba akiandika mgeni, hasa Mzungu, hana upande. Kitabu maarufu kuhusu maisha ya Daniel arap Moi kilitoka 1998 na kiliandikwa na Andrew Morton, yule yule aliyeandika habari za Diana, mke wa mwana wa mfalme wa Uingereza. Alipata nafasi ya kuzungumza na Moi mwenyewe, na mhusika kilimpendeza. Kuna mambo mazuri mle kuhusu utoto wa Moi na maisha ya shule za misheni, lakini ugeni wa mwandishi haukumfanya awe hakimu. Wasomi wa vyuo wana uangalifu zaidi kwa sababu wenzao watawakosoa, ila wengi wanaandika kwa ajili ya wenzao hao, si kwa ajili yako, na utaliona hilo ukifika sura ya pili ukiwa bado hujakutana na binadamu hata mmoja.

Kuhusu mpangilio: usisome rais wa kwanza, wa pili, wa tatu kama orodha ya darasani. Soma kwa tukio, na ukisoma mshindi mtafute aliyeshindwa. Ukimaliza 1984, jirani yetu Kenya ana jozi safi kuliko zote. Jaramogi Oginga Odinga aliachia Umakamu wa Rais mwaka 1966, na 1967 akatoa Not Yet Uhuru. Mwaka uliofuata kikatoka cha Kenyatta, Suffering Without Bitterness. Kimoja kinasema uhuru bado, kingine kinasema tuliteseka na tumesamehe. Vyote viwili vinaongelea nchi ile ile, ardhi ile ile, vikiwa vimepishana mwaka mmoja. Ukiongeza Roots of Freedom cha Bildad Kaggia, cha 1975, utapata mtu aliyefungwa pamoja na Kenyatta kisha akatofautiana naye juu ya mashamba. Na katika hivyo vyote usishangae mwaka wa kuzaliwa wa Kenyatta ukihamahama. Hakuna aliyeuandika. Wapo wanaoweka 1889, wapo wanaosogeza karibu na mwisho wa miaka ya 1890.

Halafu rudi nyumbani kwenye miaka ya mwanzo ya TANU. Soma juzuu ya kwanza na ya pili za Nyerere ukiwa na kitabu cha Mohamed Said kuhusu Abdulwahid Sykes mkono wa pili. Yeye analalamika, kwa hoja na kwa hasira, kwamba historia rasmi iliwafuta wazee wa Kiislamu wa Dar es Salaam waliompokea Nyerere na kumjenga. Si lazima ukubaliane naye kila mahali. Mimi sikubaliani naye kila mahali. Lakini baada ya kumsoma hutaisoma tena sura ya Julai 1954 kana kwamba TANU ilishuka kutoka mbinguni na Nyerere ndani yake. Kitabu cha Mkapa ningekirudia baada ya hapo, hasa miaka yake ya uhariri wa magazeti ya chama na serikali, kwa sababu mtu aliyekuwa akiamua nini kichapwe anajua ni nini hakikuchapwa.

Vitabu vina mwisho wake, na kuna mahali utahitaji kukutana na watu ana kwa ana. Ukitaka kuhakiki tarehe au kauli, nenda kwenye magazeti ya siku ile. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kitengo cha East Africana, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina chumba cha kusomea. Kwa mambo ya Visiwani, Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani. Kwa desturi mafaili ya serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo usijinyime kuulizia yanayohusu 1984, ila usitarajie kila ulichoomba kitaletwa mezani. Usiende kichwa kichwa. Andika barua, taja mwaka na wizara, na umwombe mtunza nyaraka akuelekeze. Wale watu wanajua kuliko orodha zao. Hapo Mwanza anza na maktaba ya SAUT kule Malimbe, uzungumze na mhadhiri wa historia uso kwa uso. Nusu saa naye, ukiwa na daftari lako, itakufaa kuliko barua ndefu kama hii. Na Butiama si mbali na kwenu: kuna makumbusho ya Mwalimu, na ukiona mahali alipokulia utazisoma sura za utoto wake kwa macho mengine.

Wazee walioshuhudia nao watafute, lakini kwa adabu. Usimuulize mzee nani alikuwa na haki. Muulize ulikuwa wapi siku hiyo, nani alikuletea habari, redio ilisema nini, ulifanya nini kesho yake. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Na kama utagusa mambo yenye damu, Pemba 2001 au yale mahabusu ya Shinyanga, usiende peke yako na simu yako. Kuna familia ambazo hazijawahi kuulizwa na mtu mwenye nia njema. Tafuta kwanza mtu anayeifahamu familia, au mtafiti aliyezoea kazi hiyo, akutangulie. Vilevile ukifika hatua ya kutaka kuandika na kuchapisha jina la mtu kwamba ndiye aliyetoa rasimu ya Jumbe au ndiye aliyetoa amri fulani, simama. Hilo lipeleke kwa mwanahistoria na kwa mwanasheria kabla ya kulipeleka kwa mchapaji. Kuwa na hakika moyoni ni jambo moja, kuweza kuthibitisha ni jingine, na warithi wa watu hawa wapo.

Hela unayotumia si ya kupotea. Vitabu hivi si bei ya karanga, ndiyo, na juzuu tatu za Nyerere zinaumiza mfuko. Lakini tafuta wenzako watatu au wanne mchangie. Kila mmoja asome mtu wake, mkikutana mmoja awe Jumbe, mmoja Seif, mmoja Mwinyi, muone hoja zinavyosimama. Mtu anapolazimika kumtetea asiyempenda ndipo anapomsoma vizuri.

Kuhusu Kiingereza cha kuungaunga, usijidharau. Cha Mwinyi kiko Kiswahili, cha Mohamed Said kimetafsiriwa, kijitabu cha Nyerere nilichokitaja ni Kiswahili fasaha mno. Hivyo vikupe majina, miaka na mambo yenyewe. Ukishayajua, cha Kiingereza kinasomeka, maana unajua anaelekea wapi. Usikianze mwanzo. Fungua faharasa nyuma, tafuta "Jumbe", soma kurasa zile tu kwa kamusi, taratibu, mara ya kwanza kupata habari na mara ya pili kuona mwandishi ameipata wapi. Sentensi unayotaka kuijengea hoja usiiachie programu ya kutafsiri kwenye simu. Mpe mtu anayeijua lugha akusomee. Na huyo shemeji si ana shahada? Mpe kazi hiyo.